Jicho la Inchi Tano

Nyavu za makila zilizofumwa Ulaya kwa uzi wa kitani ziliingia katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo huitwa Winam, mwaka 1905, miaka minne tu baada ya reli iliyotoka Mombasa kuwasili Kisumu, na mtu atakaye kuandika tarehe ya uvuvi wa Ziwa Victoria hana budi kuanzia hapo. Kwani wavu peke yake haumalizi samaki wa ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, wala reli peke yake haivui hata dagaa mmoja, lakini vyombo hivi viwili vilipokutana katika ufuko mmoja, kimoja kikivua na cha pili kikichukua, samaki aliyekuwa kitoweo cha wenyeji aligeuka kuwa bidhaa ya soko la Nairobi, na soko halina shibe.

Si kwamba kabla ya mwaka huo ziwa lilikosa wavuvi. Walikuwapo, tena hodari wa amali yao. Katika maji haba ya ukingoni walitega migono iliyosukwa kwa fito. Katika fukwe za mchanga walikokota majuya ya mafunjo. Na katika mito kama Nzoia na Yala, Wajaluo walijenga nyuzio za miti na matete kukata mkondo, wakaacha milango yenye migono, ili samaki apandaye mto wakati wa mvua, au ashukaye baada ya kutaga, akutane na mtego. Uzio kama huo ulikuwa na wenyewe: ulikuwa mali ya mlango fulani wa ukoo, haki yake ikarithiwa kama irithiwavyo haki ya shamba, na mgeni hakutega hapo pasipo idhini ya wazee. Upande wa kaskazini, Wasese, mabaharia wa Buganda, waliunda vyombo virefu kwa mbao za kushonwa, na kisiwani Bubembe palikuwa na maskani ya Mukasa, bwana wa ziwa katika itikadi ya Waganda, ambaye wavuvi walimpelekea nadhiri zao. Hata watu wa pwani hawakukosa fungu katika habari hizi, maana katika miaka ya 1870 mfanyabiashara Songoro aliunda jahazi Ukerewe kwa ajili ya kuvusha shehena, na huko huko akauawa mwaka 1877.

Siungani na wale wasemao kwamba wazee hawa walihifadhi samaki kwa wema wa tabia peke yake. Juya la mafunjo halidumu, mtumbwi wa kasia hauendi mbali, na samaki asiye na barafu huoza kabla ya kumfikia mnunuzi tajiri. Udhaifu wa zana, basi, ulikuwa nusu ya hifadhi. Nusu ya pili ilikuwa ile kaida ya kwamba kila mahali pa kuvulia palikuwa na mtu wa kuulizwa, na nusu hii ndiyo iliyopotea bila mtu kuiandikia taazia. Sehemu yake moja ilipotea kwa msiba. Ugonjwa wa malale, uliozuka mwanzoni mwa karne iliyopita, uliua watu zaidi ya laki mbili katika ukingo na visiwa vya Uganda, na serikali ikawahamisha waliosalia, kwanza watu wa ukingoni na hatimaye, kufikia mwaka 1909, watu wa visiwa vya Sese. Samaki wa maji hayo walipata miaka ya kupumzika, lakini hiyo ni hifadhi ambayo hakuna mwenye insafu atakayeitamani.

Samaki aliyetakiwa na wavu mpya alikuwa ngege. Ngege ni mpana wa mwili na mtamu wa nyama, alaye vijimea vidogo vieleavyo majini, wala hana ukali kwa samaki wengine; na jambo la kutaamaliwa zaidi katika maumbile yake ni kwamba jike, baada ya kutaga, huyachukua mayai yake kinywani, akayaatamia humo mpaka yaanguliwe, na vitoto vyake vikitishwa hukimbilia kinywa kile kile. Samaki wa namna hii hatagi mayai kwa mamilioni kama wafanyavyo samaki wengi wa bahari, ambao hutupa mbegu zao mkondoni na kuziachia kudura. Huzaa wachache na kuwalea, na kwa hiyo kila jike anaswaye kabla ya wakati wake huondoka na kizazi kizima. Katika miaka ya mwanzo wavu mmoja uliotegwa jioni na kupandishwa alfajiri ulitoa ngege kwa makumi. Haikupita miaka ishirini na mitano, wavu wa namna ile ile, katika ghuba ile ile, hautoi hata kumi. Wavuvi walifanya walichofanya wavuvi wa kila nchi katika hali hiyo: waliongeza idadi ya nyavu, kisha wakatoka nje ya ghuba kutafuta maji ambayo hayajaguswa, na baadhi yao wakapunguza ukubwa wa jicho, ili wavu uliokosa wakubwa upate wadogo.

Serikali za makoloni zilishtuka, na mwaka 1927 akaletwa mtaalamu Michael Graham kutoka kituo cha uchunguzi wa samaki cha Lowestoft, mji wa Uingereza ulio katika ukingo wa Bahari ya Kaskazini. Uchaguzi huo haukuwa wa bahati nasibu, kwa sababu watu wa Lowestoft walikwisha kuona kwa macho yao jinsi bahari iliyodhaniwa haina mwisho ilivyopungukiwa na samaki kwa wingi wa meli. Graham, akiwa pamoja na kijana E. B. Worthington, alilizunguka ziwa mwaka huo na uliofuata, akatega nyavu za macho mbalimbali, akapima samaki na kupasua matumbo yao, na mwaka 1929 akatoa taarifa ambayo mpaka leo hakuna aandikaye juu ya Ziwa Victoria akaiacha. Ndani yake mlikuwa na nasaha tatu. Ya kwanza: wavu wenye jicho lililo chini ya inchi 5 ukatazwe. Ya pili: pawe na mamlaka moja ya kuangalia ziwa zima, yenye kuhesabu samaki na nyavu, maana ziwa ni moja ingawa bendera zilikuwa zaidi ya moja. Ya tatu: asiletwe samaki mkubwa mla samaki kutoka ziwa lingine pasipo uchunguzi mrefu wa taathira zake, kwa kuwa hatari yake ni kubwa mno. Miaka mingi baadaye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1943, Graham alishika rai kwamba uvuvi usiowekewa mpaka huishia katika hali ya kutowafaa hata hao wavuvi wenyewe, na sidhani kama alipoyaandika hayo alikwisha kuisahau Ghuba ya Kavirondo.

Nasaha ya kwanza ilikubaliwa mwaka 1933, ikawa sheria katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Inafaa niieleze sheria hii kwa tafsili kidogo, maana wengi huilaumu au kuisifu bila kujua ilivyofanya kazi. Jicho hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo moja mpaka fundo la pili lililokabili. Samaki aliye mdogo kuliko jicho hupita katikati yake, na aliye wa kadiri yake huingiza kichwa, akashikwa nyuma ya mashavu, asiweze kwenda mbele wala kurudi. Inchi 5 zilichaguliwa kwa kumpima ngege, kusudi jike asinaswe kabla hajapata kulea walau mara moja. Hikima yake ilikuwa katika wepesi wa kuisimamia: haikumlazimu askari kuhesabu samaki katika kila mtumbwi, wala mvuvi kubahatisha umri wa samaki gizani, maana nyavu zilitoka ng'ambo, zikapita forodhani na dukani, na hapo zingeweza kupimwa kwa kijiti cha rula. Kwa bahati mbaya duka ndilo mahali palipoangaliwa kwa uvivu, na mvuvi ndiye aliyefuatwa.

Kasoro yake nayo haikufichika. Sheria iliwekwa kwa kipimo cha samaki mmoja katika ziwa lenye mamia ya jinsi za samaki. Furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi waliokuwa wingi mkubwa wa uzito wote wa ziwa, hawakuweza kunaswa kwa inchi 5, ningu alipenya, mbiru mara nyingi alipenya, na mtu maskini mwenye wavu mmoja, ambaye hakuwa na haja ya soko la Nairobi bali ya sufuria ya jioni, aliiona sheria kuwa ni kizuizi kati yake na chakula kinachopita mbele ya macho yake. Malalamiko hayo yalikuwa na haki ndani yake. Ilipasa yajibiwe kwa sheria ya pili, yenye kuruhusu jicho dogo mahali fulani na kwa samaki fulani, lakini utawala, hasa utawala wa mbali, hupenda kipimo kimoja.

Nasaha ya pili ilingoja mpaka mwaka 1947, vita vikubwa vikiwa vimekwisha. Mwaka huo ndipo ilipoundwa Idara ya Uvuvi ya Ziwa Victoria kwa ajili ya nchi zote tatu, na kando yake Shirika la Uchunguzi wa Uvuvi la Afrika Mashariki likawekwa Jinja, pale Mto Nili unapoagana na ziwa. Kwa mara ya kwanza palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa ni ziwa zima, wakiandika hesabu za samaki katika mialo na kutoa leseni za nyavu. Walikuwa wachache mno kwa ufuko wa maelfu ya kilomita, uliojaa ghuba, vinamasi na visiwa. Hata hivyo, nikilinganisha na yaliyotangulia na yaliyofuata, naiona miaka hiyo michache kuwa ndiyo ambayo ziwa lilikaribia kupata mwangalizi.

Na papo hapo ikaja nailoni. Wavu wa kitani ulikuwa na adabu yake: ulihitaji kuanikwa kila siku, ulioza baada ya miezi, na mvuvi asiye na mtaji hakumudu kununua mwingi, kwa hiyo uliupa uvuvi mpaka ambao haukuandikwa na serikali yoyote. Nailoni, iliyoanza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1950, haiozi, haionekani sana majini, na hunasa zaidi ya kitani kwa usiku ule ule. Injini za kufunga nyuma ya mtumbwi nazo zikaingia. Nguvu za mvuvi ziliongezeka mara nyingi katika muda usiozidi muongo mmoja, na huo ndio muda ambao serikali ziliamua kuilegeza sheria badala ya kuikaza. Wataalamu walikuwa wametoa hoja kwamba inchi 5 hazisimamiki, kwamba huwanyima watu samaki wadogo walio tele, na kwamba ziwa kubwa kiasi hiki haliwezi kumalizwa na mitumbwi. Uganda na Tanganyika zikaifuta sheria mwaka 1956. Kenya ilishikilia mpaka mwaka 1961, lakini mpaka wa nchi haukuzuia samaki wala nyavu, na kutii kwa upande mmoja kulikuwa ni kuwawekea akiba majirani. Idara ya pamoja nayo ikavunjwa karibu na wakati huo huo, kila nchi ikachukua sehemu yake ya maji.

Kilichofuata kilikuwa na mtiririko ambao mvuvi yeyote mzee angeweza kuutabiri. Nyavu za inchi 4 na nusu zilitoa samaki wengi kwa misimu michache. Walipopungua zikaja za inchi 4, kisha tatu na nusu, na kila mshuko ulileta neema fupi iliyohesabiwa kuwa ni uthibitisho wa kwamba samaki wapo. Ngege akatoweka katika vikapu vya sokoni. Sitaki kuulaumu wavu peke yake, maana katika miaka hiyo hiyo sato alikwisha kupandwa ziwani kutoka maji mengine, naye ni mshindani mwenye nguvu, tena huchanganya uzazi na ngege. Lakini mlango aliopitia mgeni ulikuwa umefunguliwa na kudhoofika kwa mwenyeji.

Habari za ningu ni za uchungu zaidi, na husimuliwa mara chache. Huyu ni samaki wa kuhajiri: mvua zinapojaza mito, kundi lake hukusanyika midomoni mwa Nzoia, Yala, Kagera na mito mingine, kisha hupanda kwa wingi kwenda kutaga katika maji ya mafuriko. Watu wa mito walimngoja kwa nyuzio zao kwa vizazi na vizazi, naye aliendelea kuja kila mwaka. Nyavu za nailoni zenye macho madogo zilipowekwa midomoni mwa mito, mbele ya nyuzio zote, zikawanasa majike wenye mayai kabla hawajaingia mtoni; na kabla miaka ya 1960 haijafika katikati, uvuvi uliolisha mabonde mazima ulikuwa umevunjika. Hapa ndipo ile kaida ya kale inapodhihirika thamani yake. Mwenye uzio alikuwa na jina, na jirani aliye juu ya mto alijua ni mlango wa nani wa kupigia hodi akikosa samaki. Mwenye wavu wa mdomoni alikuwa ni yeyote mwenye leseni, au asiye nayo.

Nasaha ya tatu haikupuuzwa tu, ilipingwa kwa vitendo. Sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, alitolewa katika Ziwa Albert na kupandwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 bila ya kutangazwa. Mwaka 1960 alikwisha kuvuliwa upande wa Uganda. Kisha akapandwa rasmi Entebbe mwaka 1962 na katika ghuba ya Kisumu mwaka 1963, kwa hoja kwamba atawala furu wasio na bei na kuwageuza nyama yenye bei. Kwa miaka karibu ishirini hakufanya kishindo. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, alilipuka kwa wingi, kwanza Kenya, halafu Uganda, na katikati ya miaka ya 1980 Tanzania. Furu, ambao jinsi zao zilikadiriwa kufika mia tano, wakapotea kwa mamia. Na samaki waliovuliwa katika ziwa zima kwa mwaka, ambao walikuwa takriban tani 100,000, wakafika kama tani 500,000 ilipowadia mwaka 1990. Viwanda vya minofu vikajengwa Kisumu, Jinja, Entebbe na Mwanza. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa yenye kichwa, ambayo Kisumu huitwa mgongo wazi na Mwanza mapanki, ikabaki kukaangwa kwa ajili ya watu wa ufukoni. Wako waliotajirika, na sioni sababu ya kuwakana: nyumba za mabati, ada za shule na mitumbwi mipya vilitoka katika samaki huyu. Lakini uvuvi wake ulifuata njia ile ile ya ngege, kwa haraka zaidi, wavu ukipungua jicho, na kokoro likikokota ufukoni watoto waliokimbilia maji haba kujificha.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba amri iliyotiiwa upesi kuliko zote katika tarehe ya ziwa hili haikutoka Nairobi wala Kampala wala Dar es Salaam. Ilitoka kwa mnunuzi. Kati ya mwaka 1997 na mwaka 2000 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataa samaki wa ziwa hili mara kadhaa, kwa sababu ya vijidudu, kwa hofu ya kipindupindu, na hatimaye kwa sababu baadhi ya wavuvi walimwaga sumu ya wadudu majini ili samaki waelee; na ghafla mialo iliyokuwa haina hata choo ikasakafiwa, mizani ikawekwa, wakaguzi wakapatikana. Yamkini hii ni dalili kwamba nguvu ya kuamrisha ilikuwapo siku zote, ila ilitumiwa kwa ajili ya afya ya mlaji na si ya samaki.

Nasaha ya pili ilirudi tarehe 30 Juni 1994, nchi tatu zilipotia saini Kisumu mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, makao yake yakawekwa Jinja, mji ule ule wa mwaka 1947. Miaka sitini na mitano ilikuwa imepita tangu Graham aandike. Pamoja na shirika hilo vikaja vikundi vya usimamizi wa uvuvi katika kila mwalo, vyenye wavuvi, wenye mitumbwi, wachuuzi na wanawake wakaangaji, ambavyo kwa maana moja ni jaribio la kumrudisha yule mtu wa kuulizwa. Sheria mpya ya sangara, kwa maoni yangu, ilikuwa na elimu zaidi kuliko ile ya ngege: iliruhusu samaki wa sentimita 50 mpaka 85, ikamwacha mdogo akue na jike mkubwa atage, maana jike mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Lakini ikazuka biashara ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, ambavyo hununuliwa kwa bei kubwa na Wachina, na kadiri sangara anavyokuwa mkubwa ndivyo bondo lake linavyozidi thamani. Basi samaki aliyeachwa na sheria ndiye anayetafutwa na soko.

Mwaka 2017 Uganda iliwatia askari wa jeshi katika ulinzi wa ziwa, na Tanzania mwaka uliofuata iliendesha operesheni iliyobeba jina la sangara mwenyewe, nyavu haramu zikachomwa moto hadharani. Samaki waliongezeka katika baadhi ya maji, na hilo halikanushiki. Wala haikanushiki kwamba mitumbwi midogo ilichomwa Uganda pamoja na riziki ya wenyewe, ilhali nyavu zilizokatazwa ziliendelea kuingia kwa mizigo mizima kupitia mipaka na maduka, pale pale ambapo sheria ya 1933 ilikuwa rahisi zaidi kusimamiwa na haikusimamiwa. Mvuvi aliyepigwa katika mwalo huona askari, hamwoni mwagizaji.

Siku hizi zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaotoka ziwani ni dagaa, ambao huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na mabishano yaliyomo katika vikao vya mialo ya Ukerewe, Rusinga na Kalangala ni juu ya milimita ngapi ziwe katika jicho la wavu wake. Wavuvi husema jicho kubwa humwachia dagaa apite, wakaguzi husema dogo hukumba watoto wa sangara na sato pamoja naye, na kila nchi ina kipimo inachokielekea. Safari hii, walau, wale wenye nyavu wamo kikaoni.